Kisu Kilichotakiwa na Karatasi

20 Oktoba 1996, Jumapili

Mlango wa shule sikuuona. Herufi nilifundishwa na watu wa gumbaru, masomo ya watu wazima, kule Kapsabet nikiwa tayari na mvi, na walitufundisha kwa Kiswahili, basi nitaandika kwa Kiswahili. Niko Richfield, Marekani, kwa binti yangu Susan mpaka baridi iishe. Ndege zinapita juu ya paa hata vikombe vinalia kabatini.

Nimekuja kwa ajili ya mjukuu wangu Solomon, mtoto wa Susan, niliyemlea mimi mpaka mama yake alipompeleka huku. Hakai hapa. Susan alimfukuza mwaka jana, maana Solomon alisema yeye si mwanamume, ni mwanamke, na jina lake ni Fiona. Amepanga chumba cha juu kwa mjane mmoja wa Kizungu huko Columbia Heights, anaitwa Lois.

Leo alikuja kuniona. Amevaa sketi ndefu, na nywele amesukwa vizuri kuliko mama yake. Nikamshika uso, nikalia, nikamwambia amekonda. Mambo ya sketi nikasema nitayafikiri baadaye. Kilichonichoma ni sweta.

"Nani amekufumia?"

"Grandma Lois."

Kizungu sijui, lakini hilo neno nalijua. Mtu ana bibi aliyemzaa mama na bibi aliyemzaa baba. Huyu wa kufuma ametokea wapi?

27 Oktoba

Nimetengeneza mursik, maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni. Kibuyu nilikileta ndani ya sanduku, na mkaa wa mti wa kwetu pia, nimeufunga kwenye soksi. Maziwa ya duka hayana nguvu lakini yameganda.

3 Novemba

Solomon alikunywa mursik vikombe viwili, akasema ameonja nyumbani. Nikafurahi. Kisha akaomba iliyobaki kwenye chupa ampelekee Lois. Nikampa. Nilitaka imwendeshe tumbo.

8 Novemba

Haikumwendesha. Ameuliza kama kuna nyingine.

10 Novemba

Leo nimeambiwa shida yenyewe. Leseni yake ya gari imeandikwa mwanamume. Polisi alimsimamisha barabarani, akasoma, akamtazama, akamwita mwenzake aje wacheke pamoja. Wakamfanya asimame nje ya gari wakimzungusha kama ng'ombe wa mnada. Sasa kila akiona taa za polisi anatapika.

Anataka leseni na karatasi zake ziandikwe mwanamke. Ofisi imemwambia haibadilishi mpaka alete barua ya daktari kwamba amefanyiwa operesheni ya huko chini. Atamwomba jaji mwezi wa tatu amwandikie bila operesheni. Jaji akikataa, kuna daktari wa jimbo jingine amekwisha kumwekea nafasi mwezi wa tano.

"Moyo wako je?" nikamuuliza. Maana akiwa mdogo alishikwa na homa ya viungo ikamshukia moyoni. Ni mimi niliyekaa naye hospitali ya Kapsabet nikimsikiliza akipumua kama mlango mbovu.

Akasema daktari wa moyo amemwonya. Usingizi wa operesheni unaweza kumchukua usimrudishe.

"Na nani atakuuguza huko?"

"Grandma Lois ameahidi kunipeleka."

Nikainuka nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

17 Novemba, Jumapili

Baada ya kanisa Wakenya walijaa hapa kwa Susan kula chapati. Duncan, kijana anayesomea sheria, ndiye aliyeanzisha, nadhani kwa sababu alimwona Solomon kwenye kituo cha basi.

"Mimi simchukii," akasema. "Lakini sheria lazima ichore mstari mahali. Operesheni ni mstari, unaonekana. Ukiuondoa, mtu yeyote ataamka aseme leo mimi ni mwanamke, aingie bafu la wanawake, akikosa afungwe jela ya wanawake."

Wambui akaweka sahani chini. Wambui ni muuguzi, haogopi mtu. "Mwenye nia mbaya anangoja leseni ndipo aingie bafuni? Umewahi kuona bafu lenye askari wa kusoma leseni?"

"Usigeuze mzaha, dada."

"Ni wewe mwenye mzaha. Mimi naosha wazee kazini kila siku. Nikiingia chumbani nasema, habari ya asubuhi, bibi fulani. Sifunui shuka kwanza ndipo nijue nimsalimie nani. Wewe unataka mtu apasuliwe ili polisi asome herufi moja?"

Pasta Maurice akasema hata akipasuliwa mara saba, Mungu aliandika mara moja.

"Basi wewe na Duncan malizaneni kwanza," Wambui akasema. "Yeye anasema kisu kinatosha, wewe unasema hakitoshi. Mkikubaliana mtuite."

Watu wakacheka. Pasta hakucheka. Wakanigeukia mimi, ambaye wote huniita Kogo, yaani bibi kwa lugha ya kwetu. "Kogo, wewe unasemaje?"

Nikasema nilivyoona. Kwetu mvulana haitwi mwanamume mpaka apite kwenye kisu, akinyamaza. Kisu ndicho shahidi. Jambo ambalo mwili haukulilipia, watu watalikumbuka vipi?

Duncan akapiga makofi. "Kogo amenena kama jaji!"

Susan alikuwa mlangoni na kijiko mkononi. Sikujua anasikiliza. Akasema polepole, "Akipasuliwa, mimi nitaweza kuwaambia watu alikuwa mgonjwa, akafanyiwa operesheni, yakaisha. Watu wanaelewa operesheni. Bila hiyo nitawaambia nini?"

Chapati zikapoa.

18 Novemba

Theluji. Sijatoka.

24 Novemba

Solomon hakuja. Lois ana mafua, anamchemshia supu. Mimi magoti yananiuma miaka ishirini, hajanichemshia mtu.

5 Desemba

Leo nimekwenda mwenyewe kumwona huyo mwanamke. Susan alikuwa amelala baada ya zamu. Nikapanda basi mpaka mjini, nikashuka, nikamwonyesha dereva wa basi la pili anwani niliyoandika kiganjani. Jasho lilikuwa limefuta nusu. Akanishusha palipo karibu, nikamalizia kwa miguu nikisema na Mungu na kuwatukana wazazi wa Lois.

Nilitarajia mnono mwenye mapete. Akafungua mrefu mkavu kama mti wa simu, pua nyekundu, amefunga aproni. Akaniona kanga na koti la Susan, akasema "Kogo!" kama mtu aliyekuwa ananingoja. Nani amempa ruhusa ya neno hilo?

Alikuwa anaziba madirisha. Huku wanabandika plastiki kwenye fremu halafu wanaipuliza kwa mashine ya kukausha nywele mpaka inyooke kama ngozi ya ngoma, baridi isipite. Akaniwekea mashine mkononi, akapanda kiti. Basi mimi niliyekwenda kupigana nikajikuta napuliza plastiki. Tulifanya madirisha yote ya chini. Sikumwelewa neno, naye hakunielewa, na nilimwambia mengi.

Kwenye friji pana picha, wawili hao wanakula mahindi wakicheka. Akanipa supu, akanionyesha kwa kidole kitunguu, akatikisa kichwa, akataja Fiona. Yaani mtoto hali tena kitunguu. Mimi nilimkaangia kila kitu kwa kitunguu tangu nifike, akala, akanyamaza! Mgeni anajua, mimi sijui. Nikaitazama ile supu, sikutaka kuimaliza. Nikaimaliza.

Kisha akanipeleka kwenye rafu yenye dawa za moyo. Akagusa kifua chake, akafumba macho, akatikisa kichwa. Kumbe hilo pia anajua. Nilidhani moyo ule ni wangu peke yangu.

25 Desemba

Krismasi. Susan alipika mbuzi. Kiti kimoja kitupu. Mtoto amekula kule.

12 Januari 1997, Jumapili

Baridi ya kuua mende. Solomon alinichukua kwa gari tukale kwa Lois, na Wambui akaja kunitafsiria. Nikaona nafasi. Nikasema yangu yote: asiende kwa daktari wa kisu, na kama kisu lazima, basi anipeleke mimi, damu yake, si mpangishaji nyumba.

Lois akawa mwekundu. Solomon akaweka uma chini.

"Kogo, Wambui ameniambia ulisema kwa mama kwamba bila kisu hakuna shahidi."

"Nilisema."

"Watoto wa Brigitha wanakuitaje?"

Nikajua anakokwenda. Nikajimiminia maji.

"Wanakuitaje, Kogo?"

"Baba."

"Ulipomwoa Brigitha, nani alikupasua?"

Wambui akaacha kutafsiri. Lois anauliza, nini, nini? Hakuna aliyemwambia.

Niandike, maana asiye wa kwetu hatajua. Mume wangu alipokufa aliniacha na Susan tu, hakuna mtoto wa kiume wa kurithi shamba. Kwetu mjane wa namna hiyo anaweza kuoa. Nilitoa ng'ombe, nikamwoa Brigitha, msichana mwenye bidii, na watoto aliozaa na mwanamume aliyempenda yeye ni wa nyumba yangu. Siku hiyo wazee walisema mimi ni mwanamume, na ndivyo nilivyokuwa. Niliacha kubeba mzigo kichwani. Niliketi na wazee kwenye pombe, nikala sehemu ya nyama ya mume. Wako walioguna, na kanisa lilininyima meza ya Bwana miaka mingi. Lakini hakuna aliyeninyanyulia sketi.

Nilimwambia anirudishe Richfield.

13 Januari

Sina la kuandika.

19 Januari

Sikwenda. Theluji.

26 Januari

Sikwenda. Hakuna theluji.

2 Februari

Nimekaa dirishani nikijitetea. Nasema, mimi nilikuwa na sababu, shamba. Halafu najijibu, na yeye ana polisi. Nasema, mimi nilikuwa mzee, nimekwisha kuzaa. Halafu najijibu, kwani kuna umri wa kujijua? Nasema, mimi wazee walikuwepo. Hapo nikakwama. Yeye wazee wake ni nani? Pasta Maurice? Mama yake yuko jikoni na kijiko. Mzee aliyejitokeza ni Lois, na mimi ninamwombea kuhara.

9 Februari

Nimempigia simu. Nikasema, "Fiona." Kisha nikasikia analia, na nyuma yake sauti ya yule mwanamke inauliza kuna nini. Hata kilio hawezi kuniachia mimi peke yangu.

23 Februari

Nimemwambia Susan nitasema mbele ya jaji. Akasema, "Mama, utatuaibisha." Nikamwambia, "Nilimwoa mwanamke mbele ya kijiji kizima ukiwa msichana wa shule, na siku ya harusi ulivaa viatu vipya. Aibu gani bado hujaizoea?"

Duncan atatafsiri. Nilimwambia abaki na mawazo yake, anikopeshe mdomo tu. Akakubali. Ni kijana mzuri, kasoro anapenda mistari.

11 Machi, Jumanne

Leo kortini.

Jaji ni mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Upande wetu Fiona, Lois, Wambui, Duncan na mimi. Susan alituleta, akasema atangoja ndani ya gari.

Lois alisema kwanza. Alisema vizuri, Duncan akinong'ona sikioni mwangu: anamjua Fiona miaka miwili, ni mwanamke mwema, analipa kodi, anamwondolea theluji mlangoni, aliposimamishwa na polisi alirudi nyumbani na midomo imekuwa ya bluu. Watu wakamsikiliza kwa huruma. Mimi kifua kikawaka. Miaka miwili! Mimi nimemwosha.

Wakaniita. Jaji akauliza uhusiano wangu na mwombaji.

"Mimi ndiye bibi yake. Wa kwanza."

Akauliza nina nini cha kusema. Nikasema: mimi ni mume.

Duncan akanitazama. "Kogo, niseme hivyo?"

"Sema nilivyosema."

Akasema. Jaji akavaa miwani. Akadhani Duncan amekosea, akamwuliza tena. Duncan, kwa haki yake, akasimama imara, akamweleza desturi yote, ng'ombe na shamba na Brigitha. Nilimwona akitoa jasho.

Jaji akauliza, "Ulichunguzwa na nani?"

"Hakuna mtu. Walihesabu ng'ombe, wakanywa."

"Pasipoti yako imeandikwa mwanamke."

"Pasipoti ni ya ndege. Shambani kwangu sipandi ndege."

Karani akaficha mdomo. Jaji hakucheka, lakini alisogea mbele. "Hapakuwa na mtu aliyepinga?"

"Shemeji yangu alipinga. Alitaka shamba."

"Na jamii yenu haikuvurugika?"

Nikamwambia ukweli, maana niliapa. Ilivurugika kidogo. Watu walisema, kisha wakachoka, kisha wakaja kukopa jembe. Nikamwambia: mama, mimi nilikuja nchi hii nikisema kisu ndicho shahidi. Lakini mtoto huyu moyo wake ni mbovu, nilisikia unavyopiga tangu akiwa mdogo. Kisu akikitaka mwenyewe ni shauri lake na Mungu wake na daktari. Lakini karatasi isimtume. Karatasi haina mtoto. Ikikosea haitakwenda matangani.

Wambui akasema "Amina" kwa sauti, akanyamazishwa.

Jaji alitoka, tukangoja. Nilipogeuka nikamwona Susan ameketi benchi la nyuma kabisa, koti bado limefungwa vifungo vyote. Sijui alisikia kuanzia wapi.

Jaji akarudi. Jina amekubali: kuanzia leo ni Fiona kwa sheria. Herufi ya mwanamume amekataa kuibadilisha. Alivyonieleza Duncan, alisema sheria haisemi kisu wala haikatazi, lakini ofisi siku zote imetaka barua ya daktari, naye hatatangulia mbele ya wanaotunga sheria. Akasema ameguswa. Kuguswa si kuandika.

Kwenye korido Fiona alisimama kama nguo kwenye kamba. Kisha akamwangukia. Si mimi. Lois. Akaweka kichwa begani kwake, na Lois akamwambia maneno, nikasikia mwezi wa tano, nikasikia gari.

Nikalipuka. "Unataka kunizikia mtoto! Unafuma masweta, unapika supu, kumbe unampeleka machinjioni! Duncan, tafsiri!"

"Kogo, watu wanatazama."

"Watazame! Tafsiri!"

Akatafsiri, nadhani akipunguza. Lois akanigeukia. Alisema kwa muda mrefu, Duncan akanipa kipande kwa kipande. Kwamba anaogopa operesheni ile kuliko mimi. Kwamba tangu mwaka jana halali, anakaa jikoni na paka. Kwamba hakumwambia mtu, kwa kuwa aliona kila mtu amemwacha msichana huyu kwa sababu fulani, naye aliapa hatakuwa na sababu. Hata hii. Kwamba angemwendesha akilia njia nzima, lakini angemwendesha.

Mimi nilikuwa na sababu tangu Oktoba, kila wiki mpya.

Fiona akajifuta uso. Akatuambia sisi wawili, "Mimi sijawahi kukitaka hicho kisu. Mngeniuliza ningewaambia. Nilitaka polisi asicheke. Karatasi ndiyo iliyotaka kisu." Akavuta pumzi. "Siendi. Nitaomba tena mwakani, na mwaka unaofuata. Na polisi acheke."

Susan alikuwa amefika. Hakumgusa mtoto. Akasema tu, "Leseni yako ikae mfukoni, leo naendesha mimi. Twendeni, nimeegesha vibaya." Fiona akaketi mbele karibu naye. Huko nyuma tulibanwa wanne, goti la Lois juu ya langu mpaka Columbia Heights.

16 Machi

Susan ameuliza kama Fiona bado anapenda nyama ya mbuzi. Nikamwambia ndiyo, bila kitunguu. Nilifurahi kulijua kabla yake.

30 Machi, Pasaka

Theluji inayeyuka, mitaro inanguruma. Ndege yangu ni wiki ijayo. Viza haina huruma. Nani atabaki na mtoto? Susan anarudi, lakini anarudi kwa hatua za kinyonga. Najua jibu. Nalichukia jibu.

5 Aprili, Jumamosi

Nimefanya jambo.

Nilimwambia Fiona anipeleke kwa Lois, tumpitie Duncan. Nyuma ya nyumba theluji imebaki viraka, na katikati nyasi za mwaka jana, kahawia, ndefu. Kwetu ndoa hufungwa kwa nyasi mkononi. Zao si zile zenyewe, lakini ndizo zilizoota pale. Nikang'oa, nikasokota, nikaingia jikoni.

"Duncan, mwambie nampa habari. Kwangu mimi ni mume, na mume anaweza kuongeza. Siwezi kumwachia mgeni mtoto wangu. Basi asiwe mgeni. Namwoa."

Duncan akashika ukuta. "Kogo, hapa sheria..."

"Nimekuuliza sheria?"

Fiona alicheka mpaka akashika kifua, nikamwambia apumue. Lois aliposikia aliuliza anatakiwa kufanya nini.

"Hakuna. Alivyokuwa akifanya. Ila sasa akifanya, ni wangu."

Akafikiri. Akauliza kama atapata ng'ombe. Nikamwambia mmoja, mwenye pembe mbovu, atakaa kwa Brigitha. Akanyoosha mkono. Ulikuwa wa baridi, wenye madoa kama wangu. Nikamfunga nyasi, naye akafunga zangu, vibaya, zikalegea. Duncan alikuwa shahidi, na paka. Hakuna aliyemchunguza mtu.

6 Aprili

Nimempigia simu Brigitha dukani kwa Bett, ambako huwa anangoja simu yangu Jumapili. Nikamweleza. Akasema: "Mzee, nilikutuma uniletee koti."

"Koti lipo."

"Ana umri gani?"

"Kama wangu."

"Anajua kukama?"

"Hajui."

"Kulima?"

"Anaziba madirisha."

Akaguna, ule mguno ambao huku nimeguna mimi baridi nzima, nikaujua hata kwa waya. Nikamwambia, "Brigitha, wewe ndiye mkubwa."

"Hilo sikuuliza. Mtoto amekonda, ulisema mwenyewe. Huyo mwanamke anampikia nini? Namba yake ya simu ni ipi?"

Nimempa. Nimemwambia Duncan amweleze Lois: asubuhi simu ikilia kwa mlio wa mbali, na sauti ikaja juu kwa lugha asiyoijua, asiiweke chini. Ni mke mwenzake, anataka kujua Fiona amekula nini.